Ujumbe Aliobeba Namegabe

Goma, Keshero
29 Januari 2002

Papa Fabiola,

Niko mzima. Nimeanza na hilo ili usome yanayofuata bila kusimama simama.

Duka letu la Birere halipo. Sisemi limeungua. Halipo, na barabara yake haipo. Pale tulipokuwa tunatundika vitenge pana mwamba mweusi mrefu kuliko mlango wa zamani, na bado una moto chini, watu wanachemshia maji juu yake. Nilitoka na fungu moja la vitenge kichwani na viatu vya mtu mwingine miguuni. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na wenzetu, tukalala kando ya barabara, na tulipochoka kulala huko tukarudi kwetu ingawa mlima ulikuwa bado mwekundu. Vidonge vyangu vya tansio, ile presha yangu, vilikuwa ndani ya droo ya duka. Nyiragongo, huo mlima wetu wa moto, imevimeza vyote, labda sasa itatulia.

Nakaa kwa mdogo wangu Henriette. Nyumba yake ina nafasi, unajua kwa nini. Tangu mume wake Ndagijimana alipopita kizuizi kwenda upande wenu kutafuta maharage, mwaka wa pili huu, hakuna aliyeleta habari yake, wala nguo yake. Henriette akisikia mtu anabisha hodi, anaweka chini alichoshika.

Nikuambie jambo la kukuchekesha, wewe daktari. Majivu yameingia mpaka kwenye chumvi. Juzi nilikuwa nachambua maharage, ikawa kama mtu anashusha pazia mbele yangu, polepole, kutoka juu. Hakuna maumivu. Niliendelea kutoa mawe, nikamaliza sinia, na pazia likapanda lenyewe. Henriette anasema ni majivu tu, Goma yote ina macho mekundu.

Fabiola ameandika kutoka Kampala. Mtoto anaota meno. Nilimjibu kwamba bibi yake ana duka la mawe sasa.

Wako,
Athanasie


Butembo
11 Februari 2002

Mama Fabiola,

Barua yako imefika na alama za vidole vya watu wengi. Namegabe aliileta na lori lake mpaka Kanyabayonga, mbeba mizigo akaivusha mstari wa vita kwa miguu, mdogo wangu Prodige akaipokea Kayna, akampa mtu wa pikipiki. Nilipoona mwandiko wako nilikaa chini kwenye ngazi ya hospitali nikalia mbele ya wagonjwa. Walidhani nimefiwa.

Duka si kitu. Nasema hivyo, na najua si kweli, kwa sababu nakumbuka ulivyokuwa unapima kitambaa huku unabishana na mteja bila kumwangalia. Lakini wewe uko.

Ni miaka mitatu sasa tangu nilipokuja huku kwa kazi ya mwaka mmoja. Waasi walipogawana nchi, wakagawana na sisi. Wewe kwa sura yako na Kinyarwanda chako huwezi kuingia Butembo ukatoka, na mimi Munande siwezi kupita kizuizi bila kuitwa mpiganaji wa Mai-Mai. Nayajua hayo yote.

Ila nisikilize. Pazia hilo likishuka tena, funika jicho la kulia kwa kiganja, tazama. Kisha funika la kushoto, tazama. Niambie ni jicho moja lililofungwa au ni yote mawili, na kama ni moja, lipi. Usinifiche. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe ni bingwa wa kuficha, ulijifungua Fabiola bila kuniamsha.

Kama ni jicho moja nitakuja mwenyewe, barabara iwe wazi isiwe wazi.

Hilaire


Goma, Keshero
1 Machi 2002

Papa Fabiola,

Nimefanya kama ulivyosema, kiganja huku, kiganja kule. Ni macho yote mawili. Ni majivu. Sasa kaa huko utulie.

Tena nisikilize wewe pia. Wiki jana walisimamisha gari huku juu ya Rutshuru, wakamshusha mzee mmoja wa Butembo, muuza sabuni. Abiria walisema aliulizwa jina tu. Gari lilipoondoka yeye alikuwa amebaki, amekaa chini, anafunga kamba za viatu. Ndivyo walivyomwacha. Huyo hakuwa hata na mke wa kumfuata huku, alikuwa na sabuni.

Kwa hiyo usije. Wanazungumza amani huko Afrika ya Kusini, wale chakula chao, watachoka, watasaini, barabara itafunguka. Tumengoja miaka, tutangoja mvua moja zaidi.

Nimeanza kushona. Nashona mashuka ya watu waliopoteza nyumba kwa vile vitenge nilivyobeba. Juzi mkasi ulianguka kutoka mkononi, mkono wa kulia ukalala kama wa mtu mwingine, nikaupigapiga juu ya meza, ukaamka kabla chai haijachemka. Ni uzee unaniita kwa ishara. Nauambia nitakuja baadaye.

Henriette anakusalimu. Anasema wewe ndiye shemeji pekee anayemwandikia mke wake kuhusu macho badala ya mapenzi.

Athanasie


Butembo
14 Machi 2002

Mama Fabiola,

Nimepata barua yako. Nafurahi kwa mashuka, na kwa Henriette aliyecheka.

Natuma kifurushi cha vidonge. Jinsi ya kuvitumia, na jambo jingine moja, sitaandika. Unajua desturi yetu huku na kwenu pia: karatasi hubeba salamu na harusi. Jambo zito hubebwa na mtu, anayekaribishwa kiti, anayepewa maji, anayekaa mpaka ahakikishe umesikia. Hakuna aliyekufa, usiogope. Lakini Namegabe akifika, mpe kiti, zima redio, umsikilize mpaka mwisho. Maneno yake ni yangu.

Usiku huu nitaota unapima kitambaa.

Hilaire


Butembo
14 Machi 2002

Mdogo wangu Prodige,

Barua hii ni yako, isome kisha uichome. Unaishi Kayna, karibu na mstari, kwa hiyo mzigo huu ni wako.

Shemeji yako ananidanganya. Ananiandikia kwamba macho yote mawili yalifungwa. Mtu aliyefungwa macho yote mawili haendelei kuchambua maharage na kutoa mawe. Aliona kwa jicho jingine. Ni jicho moja, na naamini ni la kushoto, kwa sababu mkono uliolala ni wa kulia.

Nikueleze kama nilivyofundishwa, bila Kifaransa. Shingoni mbele, kila upande, kuna mshipa mkubwa unaopandisha damu kichwani. Wa kushoto hutoa kwanza tawi dogo kwa jicho la kushoto, kisha unaingia kwenye ubongo wa kushoto, na huo ndio unaoongoza mkono wa kulia. Mshipa ukianza kuziba, uchafu unakatika vipande vidogo vidogo na kusafiri na damu. Kipande kikienda kwenye jicho, pazia. Kikienda juu zaidi, mkono. Kikiyeyuka, mtu anaona amepona. Kama ingekuwa macho yote mawili kweli, pamoja na kizunguzungu na kuona vitu viwili viwili, ningefikiria mishipa ya kisogoni. Lakini jicho la upande mmoja na mkono wa upande mwingine, hapo mshipa ni mmoja tu. Na kwa watu wengi ubongo huo wa kushoto ndio wenye maneno. Kipande kikubwa kikipita, atapooza kuume na ulimi utafungwa.

Umwambie Namegabe kwa mdomo, ayarudie mbele yako. Kwanza, kidonge kimoja cha aspirini kila siku, hata kama haumwi popote, asimpe mtu. Pili, atafute dawa ya tansio kwenye zahanati yoyote. Tatu, mdomo ukipinda, mkono ukianguka, neno likikosekana, wasingoje lipite, wampeleke hospitali saa ile ile. Nne, amwambie polepole. Usiruhusu yaandikwe. Mtu asisome peke yake kwamba kichwa chake kinataka kuziba.

Kaka yako,
Hilaire


Goma, Keshero
8 Aprili 2002

Papa Fabiola,

Kifurushi kimefika, Namegabe hakufika. Askari walilichukua lori lake Rutshuru, na dereva pamoja nalo, wakamwamuru awapeleke wanakojua wao. Mke wake hajui kama atalipwa au atazikwa. Kabla hajapanda alimpa kifurushi mama mmoja anayeuza samaki wa Vitshumbi, akamwonyesha jina langu na kumwambia "Keshero, kwa Henriette." Mama huyo alifika akiwa amechoka, akanywa maji, nikazima redio kama ulivyoagiza, nikamwuliza ana neno gani. Akasema, "Mi niko na samaki tu, mama."

Tulicheka sana. Kisha sikucheka tena. Maneno yako yako tumboni mwa Namegabe, na Namegabe yuko tumboni mwa vita. Basi niandikie. Mimi si mtoto. Kama umeoa huko, andika umeoa.

Vidonge nilivitazama, ni aspirini. Nikajua unafikiri nina kichwa kinachouma kwa ajili ya duka. Sina. Nilimpa mama mzaa Ndagijimana, magoti yanamwua na hana mtu wa kumletea dawa. Anakuombea kila asubuhi kwa jina lako kamili.

Mkono haujalala tena. Jana nilikuwa nataka kijiko, nikasimama mbele ya Henriette na neno lenyewe likakimbia, nikaonyesha kwa kidole kama bubu. Kisha likarudi, na tukacheka hilo nalo. Usianze.

Athanasie


Butembo
22 Aprili 2002

Athanasie,

Naandika. Nilikosea kungoja mdomo wa mtu.

Sijaoa. Pazia lile si majivu, na mkono ule si uzee, na kijiko kile si cha kucheka. Vyote vitatu vinatoka mahali pamoja, mshipa wa shingo yako upande wa kushoto. Unaziba. Kila mara ilikuwa kiharusi kidogo kilichokuja na kurudi, na kinaweza kuja bila kurudi. Aspirini haikuwa ya kichwa. Ilikuwa ya kuifanya damu isigande. Chukua iliyobaki kwa huyo mama, mwombe msamaha kwa niaba yangu, umeze kimoja leo na kila siku. Tafuta dawa ya tansio kabla ya chakula, kabla ya mashuka. Ukikosa neno tena, ukiona mdomo umekwenda upande, usikae. Henriette akubebe hata mgongoni.

Soma barua hii mbele ya Henriette. Isiwe siri yako.

Na usiniambie tena kwamba ni macho mawili. Nimekujua tangu Fabiola hajazaliwa.

Nakupenda. Henriette asome na hilo.

Hilaire


Goma, Keshero
20 Aprili 2002

Shemeji Hilaire,

Ni mimi Henriette ninayeandika. Athanasie hawezi.

Jumanne asubuhi alishuka chini ya shamba, kule karibu na ziwa, kuanika mashuka. Hakurudi. Nilimkuta ameanguka kwenye lile bonde dogo, macho wazi. Unajua bonde lile, mbuzi wawili walifia pale baada ya volkano. Majirani walikuja mbio wakapiga kelele, "Ni mazuku, ni mazuku, mumutoshe pale." Na mimi nikasema mazuku. Hewa ile mbaya itokayo ardhini imeua watu wengi hapa mwaka huu, nani angefikiri kitu kingine. Tukamkokota juu kwenye upepo, tukamfungua nguo, tukampa maziwa kama tunavyowapa wote waliovuta mazuku. Maziwa yakamtoka kando ya mdomo akakohoa karibu afe. Tukangoja upepo umponye. Tulingoja mpaka jua likawa juu kabisa, na watu walikuwa wananipongeza kwa kumtoa mapema.

Mtu wa mazuku akipata hewa anaamka. Yeye aliamka, lakini mkono wa kulia haukuamka, na mdomo umevutwa upande mmoja. Mguu anauburuza, anaweza kusimama akishikwa. Na maneno yamekwisha. Limebaki moja. Ukimpa maji anasema "mita." Akitaka kwenda nje, "mita." Nikimwuliza kama anaumwa, ananitazama, anahangaika, kisha "mita, mita," na machozi. Watu wanasema ni duka, kwamba amebaki Birere anapima vitambaa. Mwingine anasema amerukwa na akili. Zahanati walimpima tansio, wakatikisa kichwa, wakatupa vidonge, wakaturudisha nyumbani.

Tena kuna jambo linalonitia aibu kuliandika. Tukisali rozari, anaitikia. Maneno yote, sawasawa, mpaka mwisho. Rozari ikiisha, "mita." Majirani wamesikia. Sasa wanasema, "Anajifanyisha huyu, kwa Mungu anasema, kwa watu hapana." Wanakaa kwenye kitanda chake wanaongea habari za jeneza na nani atarithi cherehani.

Sijui nimwamini nani. Niambie kama dada yangu yuko ndani bado.

Henriette


Butembo
6 Mei 2002

Shemeji Henriette,

Yuko ndani. Anza na hilo, nenda ukamwambie sasa, kisha rudi usome.

Umeniandikia vizuri kuliko vijana ninaowafundisha hapa. Mkono na mdomo vimeumia kuliko mguu: huo ni mshipa wa kati wa ubongo, upande wa kushoto. Ungekuwa wa mbele, mguu ndio ungelala na mkono ungebaki. Ungekuwa wa kisogoni, angeyumba, angeona viwili viwili, angetapika, na hapo hata mimi ningesema mazuku. Kwa hiyo acha kujilaumu kwa bonde lile. Goma nzima ingefanya hivyo.

Sasa kuhusu maneno. Mshipa huo una matawi. Likiziba tawi la nyuma, mtu huongea sana, maneno yanamiminika bila maana, na haelewi unachomwambia. Likiziba la mbele, anaelewa ila hawezi kutoa. Yeye hutafuta, huhangaika, hulia kwa sababu anajua alichokosa. Hilo ni la mbele. Anasikia kila kitu, Henriette. Alisikia jeneza. Alisikia cherehani. Watu wa kwetu husema asiyekuwapo na lake halipo, nao wamemhesabu kuwa hayupo. Wafukuze kitandani pake kwa jina langu.

Rozari si kujifanya. Yaliyosemwa maelfu ya mara hukaa mahali pengine kichwani, hutoka yenyewe kama miguu inavyojua njia ya nyumbani. Neno jipya ndilo linalokataa. Basi msali naye sana, imwonjeshe sauti yake mwenyewe.

Fanya hivi. Umlishe akiwa ameketi, kidogo kidogo, uji mzito, si maji matupu, si maziwa. Mkono wa kulia uunyooshe kila asubuhi na jioni. Usimvute bega. Uliza maswali ya kujibu kwa kichwa. Ungoje. Ungoje zaidi ya unavyoona adabu. Ile aspirini iliyobaki kwa mama mkwe wako, umpe kidonge kimoja kila siku. Na barua yangu ya Aprili kama imefika baada ya kuanguka kwake, msomee hata hivyo, asiwe wa mwisho kujua habari za kichwa chake.

Kizuizi cha Kanyabayonga sitapita. Nitashuka Kyavinyonge, nivuke ziwa la huku na mtumbwi wa wavuvi mpaka Vitshumbi, huko nishike gari la samaki. Nitatoka Jumatatu ya mwisho ya Mei, isipokuwa barua yenu inizuie. Mwulize yeye kama nije. Jibu liwe lake, lisiwe lako.

Hilaire


Goma, Keshero
20 Mei 2002

Shemeji,

Barua zako mbili zilifika pamoja, ile ya Aprili na hii. Nilimketisha, nikafunga mlango, nikamsomea zote, pole pole, hata pale pa kupenda.

Wewe ulisema ningoje, nikangoja. Nilimwuliza, "Ulikuwa unajua kwamba ni jicho moja?" Akainamisha kichwa, ndiyo. "La kushoto?" Ndiyo. "Tangu mara ya kwanza?" Ndiyo. Nikakasirika, shemeji, sikuficha. Nikamwuliza kwa nini basi alikuandikia mawili. Alijaribu kusema, ikatoka ile mita yake, akapiga godoro kwa mkono mzima. Kisha akanyoosha kidole kwenye koti la Ndagijimana. Lipo nyuma ya mlango tangu alipoondoka. Sijalitoa kwa sababu atalitaka akirudi. Alilionyesha, akaonyesha picha yako, akaonyesha tena koti.

Nilielewa. Ulikuwa umeandika kwamba kama ni jicho moja utakuja. Hakutaka uwe koti.

Nikamwuliza kama nikuandikie hayo, akakataa kwa kichwa. Nimeandika hata hivyo, tumechoka na kufichana.

Nikamwuliza la mwisho, uje au usije. Aliangalia chini muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akakataa, mara moja, kwa nguvu. Hapana. Umesema jibu liwe lake, basi hilo ndilo. Usije. Nitangoja pamoja naye barabara ifunguke.

Mimi nilimwambia Ndagijimana usitoke, akatoka.

Leo amekula uji wote. Jirani wa cherehani nilimtoa na fagio.

Henriette


Goma, Keshero
30 Juni 2002

Shemeji Prodige,

Nimepokea neno lako kwamba barua yangu ya Mei ilifika Kayna baada ya Hilaire kuondoka Butembo, na kwamba unayo bado, haijafunguliwa. Hajafika hapa.

Yule mama wa samaki alipita wiki hii. Anasema mwishoni mwa Mei, Vitshumbi, askari walisimamisha mtumbwi uliotoka Kyavinyonge, wakawashusha wanaume watatu. Mmoja alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na mfuko wa dawa. Alikuwa anawaeleza kwa upole kwamba ana mgonjwa Goma. Wakawapeleka upande wa kambi. Hajui jina. Hakuona zaidi.

Nilikaa na habari hiyo siku mbili. Nilitaka kungoja padri, au mjomba wetu Damascène atoke Masisi, mtu mwenye uzito wa kusema jambo kama hilo. Nilijifanya niko na kazi nje. Lakini anasikia, Prodige. Alisikia sauti ya yule mama uani, alisikia nilivyonyamaza baadaye, na alikuwa ananifuata kwa macho nikipita. Nilijua naye amekwisha kuanza kulia ndani peke yake, na mimi ndiye niliyemfungia humo.

Basi nikaketi karibu naye nikamwambia yote kama nilivyoambiwa, mtumbwi, mvi, mfuko wa dawa. Alisikiliza mpaka mwisho. Alitaka kusema, nikangoja kama nilivyofundishwa. Ikatoka mita, tena mita, tena, kwa sauti kubwa, hata majirani wakaja mlangoni, na hakuna aliyecheka. Nilianza rozari ili apate maneno. Alinifunika mdomo kwa mkono wake wa kushoto. Hakutaka maneno yale, alitaka yake.

Kama unajua lolote, baya au zuri, andika. Usitume mtu, watu wanapotea njiani. Usinifiche mimi, na usidhani kwamba yeye ni wa kufichwa. Nitamsomea kila mstari utakaoandika. Humu ndani tuko wanawake wawili, na sote tunasikia.

Henriette